Ukibaguliwa Ujerumani: Andika Siku Hiyohiyo, Peleka Kabla ya Miezi Miwili

Nafundisha Kijerumani hapa Ngara, kwenye jengo ambalo chini kuna duka la vipuri na juu kuna sisi. Wengi wa wanafunzi wangu ni wauguzi waliosubiri ajira ya kaunti mpaka wakachoka, na vijana wa kidato cha nne wanaokwenda kusomea uuguzi huku wakilipwa, mpango unaoitwa Ausbildung. Kabla sijawa mwalimu nilifanya kazi kwa miaka kadhaa katika makao ya wazee huko Saxony, mashariki mwa Ujerumani. Kila kundi linapokaribia kusafiri, Jumamosi moja tunafunga kitabu cha sarufi na ninawafundisha haya. Nimeyaandika ili yamfikie pia asiyepita darasani kwangu.

Kabla ya safari watu huuliza habari za baridi, mshahara, na kama unga wa ugali unapatikana. Unapatikana. Ubaguzi wa rangi huulizwa mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, na mawakala wengi hujibu kwamba hayo ni ya walevi wachache. Mimi huwasomea takwimu. Mwaka 2023 Shirika la Haki za Msingi la Umoja wa Ulaya, lenye makao yake Vienna, lilitoa matokeo ya kuwahoji watu zaidi ya 6,700 wenye asili ya Afrika katika nchi 13. Asilimia 45 walisema walibaguliwa kwa rangi au asili yao ndani ya miaka mitano iliyotangulia. Kwa Ujerumani peke yake ilikuwa asilimia 76. Ila takwimu inayoniuma zaidi ni nyingine: kati ya waliobaguliwa, ni asilimia 9 tu waliopeleka malalamiko popote.

Waliobaki walinyamaza, na sababu zao nazijua. Kibali cha kukaa kimefungwa kwa mwajiri. Nauli ilitoka kwenye harambee ya ukoo mzima. Na tangu utoto umeambiwa mvumilivu hula mbivu. Ukiwa peke yako katika mji mgeni, kunyamaza kunaonekana ndiyo busara. Lakini sheria ya Ujerumani haina la kumfanyia aliyenyamaza, tena muda wake ni mfupi. Kwa hiyo shika moja: andika siku hiyohiyo, na peleka dai lako kwa maandishi kabla miezi miwili haijaisha.

Ukiwa bado Nairobi

Hakikisha wakala wako amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Usiridhike na cheti kilichotundikwa ukutani. Tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya mamlaka yenyewe. Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin Septemba 2024, na siku zile zilienea habari za nafasi 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha idadi hiyo hadharani. Wakala anayekutajia idadi hiyo hadi leo, mkwepe.

Mkataba usome wote, hasa kifungu kinachosema utalipa kiasi gani ukiacha kazi mapema. Kifungu hicho ndicho huwafanya watu wakae mahali wanapotukanwa. Piga picha kila ukurasa, ujitumie kwa barua pepe, na umtumie mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini. Simu huibiwa, makaratasi hulowa, na mkataba ulioachwa kwa wakala ni mkataba usiokuwa nao.

Kwenye usaili wa video, mwajiri akimaliza kuuliza na kukwambia sasa uliza wewe, uliza hivi: kwenu ni nani anayepokea malalamiko ya ubaguzi? Swali hili halina utovu wa adabu. Sheria yao ya kutendewa kwa usawa ya mwaka 2006, ambayo kila mtu huiita AGG, inampa mfanyakazi haki ya kulalamika kwa mtu au ofisi iliyotengwa kwa kazi hiyo. Mwajiri anayekutajia jina papo hapo alishalifikiria jambo hili. Anayecheka na kusema kwetu hakuna mambo hayo, mweke moyoni. Sikwambii uikatae kazi, bali ujue mapema kwamba huko utajitegemea.

Kisha kariri sentensi mbili mpaka ziweze kutoka hata ukiwa unatetemeka. *Bitte sprechen Sie respektvoll mit mir*, yaani tafadhali zungumza nami kwa heshima. Na *Ich möchte, dass das dokumentiert wird*, yaani nataka jambo hili liandikwe. Darasani tunazisema tukiwa tumesimama, mwenzako amekukaribia uso kwa uso na anakufokea. Ukiwa na hasira, lugha ya kigeni ndiyo hukimbia kwanza. Nimeona mtu mwenye cheti cha Kijerumani cha ngazi ya B2, ngazi ya juu ya kati, akikosa hata neno la kuomba maji.

Siku yenyewe

Ngoja nikueleze kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu.

Ilikuwa zamu ya asubuhi. Niliingia chumba cha bwana mmoja mzee nikiwa na beseni la maji ya uvuguvugu na taulo mbili begani. Akili yake ilikuwa timamu, gazeti alilisoma kila siku. Alinitazama, akavuta blanketi hadi kidevuni, akasema nimletee Mjerumani, maana mikono hii haijulikani kama ni michafu au ndiyo rangi yake. Binti yake alikuwa ameketi karibu na dirisha. Aligeuza uso akatazama nje. Mwenzangu wa zamu, aliyekuwa mlangoni, alicheka kidogo akaniambia nisichukulie moyoni, ndiyo kizazi kile.

Niliweka beseni mezani. Nilimwambia mzee ile sentensi ya kwanza, nikasema narudi na mkuu wa zamu. Nilihakikisha kengele iko karibu na mkono wake na ubao wa kitanda umeinuliwa, ndipo nikatoka. Hapo pa kengele na ubao usipaache kamwe. Mgonjwa aliyekutusi akianguka baada ya wewe kutoka, kesi itakuwa yako, na tusi halitakumbukwa na mtu.

Wakati wa mapumziko niliandika. Wajerumani wana jina la karatasi hiyo, Gedächtnisprotokoll, yaani maandishi ya unachokikumbuka, na maofisi yao yanaiheshimu kuliko unavyodhani. Andika tarehe. Andika saa kwa hesabu yao: 07:20, si saa moja na dakika ishirini, kwa sababu barua iliyochanganya saa inampa wakili wa upande wa pili pa kushikia. Andika mahali, nani alikuwepo, nani alisimama wapi. Maneno yaandike yalivyotoka mdomoni, kwa lugha yaliyotoka, hata kama ni machafu na mkono unakataa. Usiandike "alinidharau", andika alichosema na alichofanya. Andika na wewe ulijibu nini. Tia saini. Jina la mgonjwa usilitie kwenye karatasi unayoondoka nayo, maana siri za wagonjwa zinalindwa vikali. Namba ya chumba inatosha.

Na usirekodi sauti kwa siri. Hili nalirudia kila Jumamosi, kwa sababu sisi hapa Nairobi tumezoea kutoa simu mtu akianza kutubwekea. Ujerumani, kurekodi maneno ya faragha ya mtu bila ridhaa yake ni kosa la jinai, kifungu cha 201 cha sheria yao ya makosa, na adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka mitatu. Unaweza kuingia ofisini ukiwa mlalamikaji na ukatoka ukiwa mshtakiwa. Karatasi iliyoandikwa nusu saa baada ya tukio, pamoja na ujumbe uliomtumia dada yako jioni ileile ukimsimulia, ni ushahidi ulio halali.

Nilipeleka barua kwa mkuu wa wauguzi siku hiyo, nikitaja kifungu cha 12 cha AGG. Watu wengi hawakijui. Kinasema mfanyakazi akibaguliwa na mtu wa nje anapofanya kazi yake, awe mteja, mgonjwa au jamaa ya mgonjwa, mwajiri analazimika kuchukua hatua zinazofaa kumlinda. Ile ya "ni mzee tu, vumilia" si jibu la kisheria. Mkuu aliisoma barua mara mbili. Kesho yake aliingia chumbani mwenyewe, akamwambia mzee kwamba katika nyumba hii hakuna kuchagua rangi ya anayekuogesha, na binti akaandikiwa barua. Kwa muda tukawa tunaingia wawili wawili. Mzee hakunipenda hata siku moja, lakini tusi lile halikurudi, na mwenzangu aliyecheka mlangoni akaacha kucheka.

Sasa, si kila mzee ni kama huyo. Utakutana na wagonjwa wa shida ya akili ambao hata mtoto wao hawamtambui, na vinywa vyao vinatoa maneno ya miaka ya 1940, ya enzi za Wanazi. Hao usiwapelekee sheria. Andika kwenye kumbukumbu za huduma, omba mabadiliko ya zamu, omba usiingie peke yako, na ukifika nyumbani zungumza na mtu, kwa sababu maneno yanaumiza hata yakitoka kwa asiyejua anachosema. Lakini mfanyakazi mwenzako anayekuita nyani kwenye chumba cha chai anajua vizuri anachosema, na msimamizi anayekupa kufagia tu wakati wenzako wa mwaka wako wanafundishwa kuchoma sindano anajua pia. Huyo wa pili ni hatari kuliko wa kwanza, kwa sababu hatukani. Dawa yake ni daftari: kila wiki andika ulipewa kazi gani na wenzako walipewa ipi.

Miezi miwili, na kosa ambalo wengi hulifanya

Malalamiko na dai ni vitu viwili. Malalamiko ya kifungu cha 13 cha AGG unampelekea mwajiri ili arekebishe mambo. Dai la kifungu cha 15 ni la fidia, na ndilo lenye muda: ndani ya miezi miwili tangu ulipojua kwamba umebaguliwa, liwe limemfikia mwajiri kwa maandishi. Ukishalipeleka, una miezi mitatu ya kufungua kesi kwenye mahakama ya kazi. Wengi hupeleka malalamiko, wakakaa kungoja mwajiri "anachunguza", miezi miwili ikapita na dai likafa. Mwajiri achunguze, na dai liende. Sentensi inayotosha kulifungua ni hii: *Hiermit mache ich Ansprüche nach § 15 AGG geltend*, yaani kwa barua hii nadai haki zangu za kifungu cha 15 cha AGG. Chini yake eleza tukio, tia saini, peleka kwa rejista ya posta na utunze risiti.

Huhitaji kuthibitisha kila kitu. Kifungu cha 22 kinasema ukileta dalili zinazoonyesha kwamba huenda ulibaguliwa, mzigo unahamia kwa unayemlalamikia, yeye ndiye athibitishe kwamba hakubagua. Ndiyo maana daftari lina thamani. Na kifungu cha 16 kinamkataza mwajiri kukuadhibu kwa sababu umedai haki yako.

Usiende peke yako. Ofisi ya serikali kuu ya kupinga ubaguzi, Antidiskriminierungsstelle, iko Berlin na inashauri bure. Kwa mambo ya mkataba, mishahara na vile vifungu vya kurudisha pesa, tafuta Faire Integration, ushauri wa bure kwa wafanyakazi waliotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Kazini kwako uliza kama kuna Betriebsrat, baraza lililochaguliwa na wafanyakazi wenyewe. Makao ya kanisa huwa na chombo chao cha namna hiyo. Na jiunge na chama cha wafanyakazi, kwa wauguzi mara nyingi ni ver.di, mwezi wa kwanza uliopata mshahara. Ada yake ni asilimia moja ya mshahara kabla ya makato. Vijana huniambia ni pesa nyingi. Wakili ni ghali zaidi, na msaada wa wakili wa chama hauanzi siku ile unayojiandikisha, kwa hiyo ukingoja shida ifike umechelewa.

Hofu ya kibali ndiyo inayowafunga watu midomo, basi niseme wazi. Kulalamika kuhusu ubaguzi hakufuti kibali chako. Na kama uko kwenye Ausbildung na nafasi ikavunjika kwa sababu isiyo kosa lako, sheria yao ya ukaazi, kifungu cha 16a, inataka upewe hadi miezi sita ya kutafuta nafasi nyingine kabla kibali hakijaondolewa. Usijiuzulu kwa hasira usiku wa Jumapili. Ukiacha mwenyewe, utapata taabu kueleza kwamba halikuwa kosa lako. Ukipewa barua ya kufukuzwa, hesabu wiki tatu tangu ilipokufikia: ndani ya hizo ndipo unapoweza kuipinga mahakamani. Mahakama za kazi zina dawati linalokusaidia kuandika mashtaka hata kama huna wakili.

Nyumba

Hapa ubaguzi hauna kelele. Unapiga simu, unajitambulisha kuwa Wanjiru au Otieno, unaambiwa nyumba imeshachukuliwa. Kesho tangazo bado lipo. Mwombe mfanyakazi mwenzako mwenye jina la Kijerumani apige simu saa hiyohiyo, aseme ana kazi na mshahara kama wako. Akialikwa kuiona nyumba, nyote wawili andikeni, na mpige picha tangazo likionyesha tarehe. Hiyo ni dalili ya kifungu cha 22. Mwaka 2019 mahakama ya Augsburg, Bavaria, ilimwamuru mwenye nyumba amlipe fidia ya euro 1,000 mtu aliyetoka Burkina Faso, baada ya tangazo lake kusema nyumba ni ya Wajerumani. Muda ni uleule wa miezi miwili.

Polisi, treni na mtaani

Wanafunzi wangu wa Eastleigh hapa hunisikiliza kwa makini kuliko wengine wote. Waliona Aprili 2014, operesheni ya Usalama Watch, majirani wao Wasomali wakibebwa kupelekwa uwanja wa Kasarani kwa sababu ya sura na jina. Hawahitaji kuelezwa maana ya kuombwa kitambulisho wewe peke yako katika basi lililojaa. Nawaomba na wengine wakumbuke walikuwa wapi siku zile, na walisema nini.

Kwenye treni, hasa karibu na mipaka, polisi wa shirikisho wana mamlaka ya kukagua. Toa kadi ya ukaazi, usibishane, usikimbie. Kisha uliza kwa utulivu: *Warum kontrollieren Sie mich?*, yaani kwa nini unanikagua mimi? Andika namba ya treni, saa, kituo, na kama kuna abiria mwingine aliyeombwa. Oktoba 2012 mahakama kuu ya utawala ya Rheinland-Pfalz, mjini Koblenz, ilisema wazi kwamba rangi ya ngozi haiwezi kuwa sababu ya kumkagua mtu kwenye treni. Oktoba 2022 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliikuta Ujerumani na hatia kwenye shauri la Basu, kwa kutofanya uchunguzi huru wa madai ya namna hiyo. AGG yenyewe haiwagusi polisi; Berlin ina sheria yake ya mwaka 2020 inayozigusa idara zake.

Mtu akikutukana barabarani, usalama kwanza. Ingia dukani, simama karibu na watu, piga 110. Tusi ni kosa la jinai, lakini kwa kawaida polisi hawaliendelezi mpaka wewe uombe kwa maandishi, na una miezi mitatu tangu ulipomjua mhusika. Ukipigwa, nenda hospitali kwanza hata kama jeraha ni dogo, upate cheti cha daktari.

Huulizwa pia kuhusu AfD, chama cha siasa kinachopinga wahamiaji, kilichopata asilimia 20.8 katika uchaguzi wa Februari 2025, na zaidi ya hapo mashariki nilikokaa. Siwafichi. Siku ya maandamano yao usipite katikati ya mji ukiwa peke yako usiku, na wakala akikupa nafasi ya kuchagua mji, chagua penye chuo kikuu na Wakenya wengine.

Wanaokwenda Uingereza wana sheria ya usawa ya mwaka 2010. Hesabu miezi mitatu kasoro siku moja tangu tukio, hata ukisikia muda umerefushwa, na anza kwa kuwaarifu ACAS, ofisi yao ya kusuluhisha migogoro ya kazi. Vurugu za Agosti 2024, hoteli za wakimbizi ziliposhambuliwa Rotherham na Tamworth, zilionyesha kwamba huko nako lazima uwe na mtu wa kumpigia usiku.

Kwa mzazi aliyebaki

Mama, baba, mtoto akikupigia simu akilia, usimwambie vumilia mwanangu, mkopo haujaisha. Akisikia hivyo hatakwambia tena, na wala hataandika. Muulize maswali matatu: umeumia? umeandika? miezi miwili inaisha lini? Ujumbe wake usiufute. Utunze pamoja na nakala ya mkataba, kwa sababu tarehe iliyo kwenye simu yako ni ushahidi wake pia.

Na mkubaliane kabla hajapanda ndege kwamba mshahara wa miezi ya kwanza hautatumwa wote. Abaki na pesa za kutosha kodi ya miezi miwili na tiketi ya treni ya kwenda mji mwingine. Mwenye akiba hiyo anaweza kumwambia msimamizi wake hapana.